Mimba ya Mbali

Siku mtandao ulipokatika Ujiji, watu walianza kwa kutukana, wakachoka, wakabaki kutazamana. Radi ya alfajiri ilikuwa imepiga mnara wa mlimani, na mnara ulipokufa mji mzima ukapooza. Mizani za sokoni ziligoma. Droni za mizigo zilitua zilipokuwa, moja katikati ya barabara, na mbuzi wa watu wakawa wanainusa. Mwavita binti Kisesa aliketi juu ya ndoo yake iliyopinduliwa, katikati ya madumu ya mawese, akatangaza kwamba kama hali ndiyo hiyo basi leo yeye anauza kwa macho, kama alivyouza bibi yake, na asiyeamini macho yake aende zake.

Watu walikuwa bado wanacheka Asumini alipokuja. Asumini alikuwa fundi cherehani wa meza ya jirani, mwanamke mcheshi, lakini saa hiyo uso ulikuwa umempauka na mkono ameubana kiunoni.

"Dada Mwavita, mtoto amenyamaza."

Mwavita akamvuta nyuma ya madumu, akampandishia blauzi. Mkanda ulikuwa pale, mweupe, umemkaa tumboni vizuri, na kitaa chake kidogo kilichokuwa kijani siku zote leo kilikuwa cha njano. Soko zima liliujua mkanda wa Asumini. Alikuwa amesubiri foleni ya hospitali ya Dodoma mpaka nywele za utosini zikaanza kubadilika rangi, na sasa mwanawe alikuwa amelala huko ndani ya tumbo la kioo, katika maji yake ya uvuguvugu. Kila alipotupa mguu, kioo kilisikia, mtandao ukachukua, na mkanda ukamgonga mama yake mahali pale pale. Kila mwezi Asumini alipanda treni kwenda kuweka kiganja juu ya kioo. Daktari alitoka kumsalimia, na Asumini akirudi alilitaja jina la daktari huyo kila baada ya sentensi mbili, kama vile wameoana.

"Njano maana yake nini?" Mwavita akamuuliza. "Si walikufundisha?"

"Mtandao."

"Basi. Mtoto yuko Dodoma anakula. Aliyepotea ni wewe, siyo yeye."

Asumini akacheka huku analia. Akakaa pale pale chini, mkono juu ya mkanda ulionyamaza, na Mwavita akamwachia nusu ya chapati yake. Hakufikiria zaidi ya hapo. Baadaye alijichukia kwa hilo, kwamba alikuwa na jibu zima mkononi na akaendelea kupima mawese.

*

Alifika nyumbani jua likiwa bado kali. Mtandao ulikuwa haujarudi.

Nyumba ya marehemu mzee Kisesa ilikuwa na chumba kimoja cha ndani ambacho mlango wake haukufunguliwa kwa wageni. Humo alikaa Zamda, mjane wa Songoro, kaka yake Mwavita. Songoro aliangukiwa na tangi kwenye kiwanda cha mawese mwaka uliopita, akafa kabla hawajamtoa chini yake. Mjane asiye na mimba hukaa eda miezi minne na siku kumi, akaogeshwa, akavaa rangi, akaendelea na maisha yake. Mjane mwenye mimba hukaa mpaka ajifungue. Na Zamda, siku Songoro alipozikwa, alikuwa amevaa mkanda.

Shehe wa mtaa alikuna ndevu sana siku ile. Vitabu vyake havikuwa vimezungumzia matumbo ya kioo. Mwisho alisema kwa uangalifu kwamba ikiwa mbegu ni ya mume, na ilichanganywa yeye akiwa hai, na mtoto yu hai, basi bora mtu azidishe kuliko kupunguza. Zamda akazidisha. Alivaa nyeupe, akaweka kando wanja na udi, akaingia chumbani kumsubiri mwanawe.

Tofauti ni kwamba mkanda wa Zamda haukutoka Dodoma. Songoro hakuwa mtu wa foleni. Kizazi chao kilikuwa kizazi ambacho mimba imegeuka kuwa kitu cha kusimuliwa na wazee, na wao wawili walikuwa wamelia vya kutosha, ndipo tangazo likamfuata Songoro mpaka kitandani. Programu ya Mlezi. Hakuna foleni, hakuna maswali, uhakika asilimia mia. Kisanduku kililetwa na droni, wakatoa walichotakiwa kutoa, kisanduku kikaondoka. Baada ya wiki kadhaa mkanda ukaja, ukagonga. Na maagizo ya kwanza kabisa yaliyokuja na mkanda yalisema: msimwambie mtu mpaka mtoto afike, kwa maana macho ya watu hudhuru.

Hapo ndipo Mlezi walipomaliza kazi. Mtu gani wa Ujiji angelitilia shaka neno hilo? Mama zao walificha mimba chini ya khanga tangu zamani, kwa hofu ya husuda, na mwanamke aliyetangaza tumbo lake mapema alionekana hana adabu. Familia ya Kisesa ilisoma agizo lile ikasema: hawa ni watu wanaojua mila zetu. Wakafunga midomo. Hata Asumini pale sokoni hakujua kwamba wifi wa Mwavita ana mkanda. Laiti angejua, wangelinganisha kitaa na kitaa, na maneno yangeishia hapo mwaka ule ule.

Mwavita alipopiga hodi na kuingia, Zamda alikuwa ameegemea ukuta, na Bi Mwamini, mama mzazi wa Mwavita, ameketi kando yake na kiganja juu ya mkanda. Ndivyo alivyokuwa akishinda siku hizi.

"Wifi, karibu. Soko limekuwaje?"

"Limekufa. Hakuna mtandao tangu alfajiri, hakuna kinachokwenda."

"Njoo umsikie mwanao," alisema Bi Mwamini, anatabasamu kwa macho yaliyofumba. "Leo anacheza hatari. Tangu asubuhi hajapumzika."

Mwavita akainama, akaweka mkono.

Teke likaja. Likaja jingine. Kitaa kilikuwa kijani kibichi, kimetulia, hakina habari kwamba mnara umeungua. Akili ya Mwavita ikamrudisha nyuma ya madumu, kwa Asumini na mkono wake juu ya mkanda usiosema kitu.

"Vipi, wifi?" Zamda akauliza. "Mbona umenyamaza?"

"Nimechoka," alisema Mwavita. "Jua."

Akamtazama wifi yake vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Msichana aliyeingia chumbani humu na mashavu yake alikuwa amebaki macho. Kifuani, nguo nyeupe ilikuwa na madoa mawili ya maji. Maziwa. Mlezi walikuwa wakimletea vidonge vya kuandaa maziwa, kila mwezi, na vidonge hivyo vilikuwa vimemfungia siku zake kabisa. Katika yote waliyoletewa, vidonge peke yake vilikuwa vya kweli. Tarehe ya mtoto kufika ilikuwa imeahirishwa mara ya kwanza kwa sababu mapafu hayajakomaa, mara ya pili kwa sababu kituo kinahamishwa, mara ya tatu bila sababu. Na kila ilipoahirishwa, eda ya Zamda ilirefuka nayo.

"Kisanduku kingine kinakuja kesho kutwa," alisema Zamda. "Wameandika safari hii ni vidonge vyenye nguvu zaidi. Nadhani sasa amekaribia."

*

Mtandao uliporudi kesho yake, Mwavita hakufungua biashara. Alijifungia kwenye stoo ya mawese, akaipigia Mlezi.

"Karibu Mlezi, dada yangu mpendwa," sauti ikasema. Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, ya Kiswahili safi cha mtu asiyewahi kugombana na mtu. "Mimi ni mshauri wako Rehema. Mama anaendeleaje?"

"Jana hapa hakukuwa na mtandao mchana kutwa. Mtoto alicheza mchana kutwa. Alichezaje?"

"Hilo ni swali zuri sana. Mkanda wetu wa kisasa una mateke ya akiba."

Mwavita akajikuta amesimama. "Mateke ya akiba."

"Ndiyo, dada. Ili mama asipate huzuni."

"Daktari wake anaitwa nani?"

"Tuna timu kubwa ya wataalamu wa kimataifa."

"Sikuomba timu. Jina moja. Mtu mmoja mwenye leseni, anayeweza kushtakiwa."

"Kwa usalama wa mtoto hatutaji majina."

"Kituo kiko wapi? Nitapanda chochote kinachopandwa. Nataka kuweka mkono kwenye kioo."

"Kwa ajili ya usafi, hatupokei wageni. Lakini nakutumia filamu nzuri ya chumba chake."

Filamu ikaja. Maji ya buluu, mguu mdogo, muziki. Mwavita alikuwa ameiona mara nyingi, akilia kwa furaha. Alipoitazama leo aliona kwamba maji yale hayakuwahi kuwa na povu, na muziki ulianza pale pale kila mara. Haya yote yalikuwa wazi tangu mwanzo. Watu wasio na jina, wasio na mahali, wanaoahidi asilimia mia katika jambo ambalo hata Dodoma, pamoja na majengo yao, huahidi kujaribu tu. Kama mtu wa namna hiyo angekuja kumuuzia dumu la mawese, angemfukuza kwa mwiko.

Alimeza hasira, akajaribu kitu kimoja cha mwisho.

"Sikiliza," akasema. "Sisi tumechoka kungoja. Mjane anataka kuacha."

Hospitali ya kweli hapo ingeshtuka. Kuna mtoto, kuna sheria, angeitwa daktari, angeitwa hakimu. Sauti ilinyamaza kidogo tu, ikarudi tamu kuliko ilivyoondoka.

"Nasikia uchovu wako, dada. Na kwa familia zilizovumilia, mwezi huu tuna zawadi. Tunaweza kumwongezea mtoto wenu pacha."

"Pacha."

"Wa kike au wa kiume, mnachagua wenyewe. Ila mthibitishe leo kabla ya jua kuzama."

"Baba yake amekufa," alisema Mwavita taratibu. "Amekufa mwaka jana. Mnamwongezea pacha kutoka wapi?"

"Pole sana kwa msiba. Pacha ni faraja kubwa kwa baba."

Mwavita aliitupa simu kwenye gunia la chikichi. Alitaka kumpiga mtu, na hakukuwa na mtu. Hilo ndilo lililomtia wazimu. Kulikuwa na sauti iliyotengenezwa, filamu iliyotengenezwa, teke lililotengenezwa, na nyuma ya hivyo vyote kulikuwa na watu halisi mahali fulani, wanakula chakula chao vizuri, wasiojua kama Ujiji ni mji au ni jina la samaki, lakini wanajua kwamba wanawake wa huku hawasemi. Alipiga dumu teke mpaka kidole kikavimba. Kisha akakaa chini akamlilia kaka yake upya, kwa maana mpaka jana jioni Songoro alikuwa na mtoto.

*

Bi Mwamini alikuwa uani anapepeta mchele. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho bila kusimamisha ungo.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, mama?"

"Nimezaa saba. Mtoto akikua tumboni nafasi humwishia, haruki tena, anasukuma, anajigeuza kama mtu anayetafuta shuka. Huyu tangu aanze anapiga teke lile lile." Akapuliza makapi. "Nilijua tangu mfungo uliopita."

Hasira aliyoileta Mwavita kutoka stoo ilikuwa ya watu wa mbali, na sasa ilimbidi aigawe.

"Ukanyamaza. Ukawa unampelekea vidonge kwa mkono wako."

"Nikasema nini? Ukimwambia, atatoka. Akitoka ataogeshwa, ataenda kwao Kasulu, ataolewa, na ana haki. Songoro atabaki wapi? Hata picha yake hainitoshi, Mwavita. Mkanda ule una joto. Nikiuwekea mkono nasahau."

"Mama, yule msichana anakauka mle ndani."

"Mwache kidogo tu. Mwache mpaka mimi niondoke, haitakuwa mbali."

Na hapo, acha tuseme ukweli, Mwavita aliyumba. Alimpenda mama yake. Yeye mwenyewe alikuwa ameshachagua jina la mtoto yule, alishamnunulia kikoi. Angeweza kurudi sokoni akafunga mdomo, na nyumba ile ingeendelea kuwa na furaha yake ndogo ya kila siku, na nani angemlaumu? Zamda mwenyewe alikuwa akicheka humo ndani kila mkanda ulipogonga. Kumwambia ni kumzika mtoto wake kwa maneno, mtoto asiye hata na kaburi la kwenda kulilia.

Lakini vidonge vyenye nguvu zaidi vilikuwa vinakuja kesho. Na furaha ile ilikuwa inapikwa kwa mwili wa mtu mmoja, ambaye peke yake hakuwa ameulizwa.

"Kesho asubuhi namwambia," alisema Mwavita. "Ukitaka kunilaani, mama, nilaani leo."

Bi Mwamini hakumlaani. Aliweka ungo chini na kujifunika uso kwa khanga.

*

Alimwambia asubuhi, wameketi mkekani, bila kuzunguka. Alimweleza kuhusu mkanda wa Asumini, na mnara, na mateke ya akiba, na pacha. Mkanda ulikuwa ukigonga wakati wote akisema. Aliponyoosha mkono, Zamda akasogea.

"Usinishike."

Nje mtu alipita anauza maandazi.

"Na maziwa?" Zamda akauliza.

"Ni vidonge, wifi."

Zamda akafungua mkanda. Ulikuwa umemwachia alama nyekundu kuzunguka tumbo zima. Aliushika mkononi, ukampiga kiganjani mara mbili, tatu, kwa bidii ile ile, na yeye akautazama bila machozi, kama mtu anayetazama mdudu ambaye hajaamua kumuua.

"Basi eda yangu iliisha lini?"

Mwavita akahesabu kwa vidole. "Mwaka jana. Kabla ya vuli."

"Siku hiyo nilikuwa nafanya nini?"

"Sijui."

"Hakuna anayejua. Nilikuwa nimekaa hapa hapa." Sauti yake haikupanda. "Mume wangu nimemtimizia, nikamaliza, na hakuna aliyenijia na ndoo ya maji. Nimemkalia mtu asiyekuwepo. Na nyinyi mkaja kila siku, mkaweka mikono, mkarudi sokoni. Mlikuwa wapi, Mwavita? Wewe unayenunua mawese kwa kuonja, kunusa na kumwaga, ulikuwa wapi?"



Zamda akainuka, akampita, akampita na Bi Mwamini aliyekuwa amesimama ukumbini anashikilia ukuta, akafungua mlango mkubwa akatoka, mkanda bado mkononi. Hakuoga, hakubadili nguo. Alikaa barazani na nyeupe yake yenye madoa, jua likampiga usoni mpaka machozi yakamtoka, na wanaume wawili waliokuwa wakipita wakageuza nyuso zao ukutani. Mwavita akatoka, akakaa mbali naye kidogo.

Droni ikaja wakati huo huo. Siku zote ilitua uani, Bi Mwamini akaipokea kabla mtu hajaamka vizuri. Leo ilitafuta mkanda ulipo, ikashuka barazani, miguuni pa Zamda, ikaacha kisanduku cheupe kisicho na jina la mtu wala mahali. Zamda hakukigusa.

Ilipopaa tena, aliinua kichwa. Chini ya tumbo la droni kulikuwa na visanduku vingine, vyeupe vile vile.

Haikwenda mbali. Ilivuka barabara, ikashuka nyuma ya nyumba ya mwalimu Hamimu, ambaye mkewe mtaa mzima uliambiwa amesafiri. Ikapanda. Ikashuka nyumba ya nne, ya yule binti aliyeolewa juzi tu. Ikapanda, ikakata kona kuelekea msikitini, bado ina mzigo.

Zamda alisimama, mkanda ukimpapatika mkononi. Akavuka barabara kwa miguu mitupu, Mwavita nyuma yake, akagonga mlango wa mwalimu Hamimu kwa ngumi.

"Hodi," alisema. "Mimi ni Zamda, mjane wa Songoro. Najua uko ndani, dada. Fungua, tuzungumze kuhusu mtoto wako."

Ndani, komeo likaanza kusogea.